UZI: Pampu ya joto au AC ya saizi gani kwa nyumba yako? Piga hesabu kabla hujalipa

Fundi wa Kisugu (mwanzisha uzi)

Wadau habari zenu. Nimeamua nianzishe huu uzi kwa sababu simu ninazopigiwa ni za aina moja, mtu anasema fundi nina sebule ya futi 16 kwa 14, niweke BTU (kipimo cha nguvu ya AC) ngapi, na anataka jibu hapohapo kwenye simu, na dukani wameshamwambia achukue 24,000 maana "ukinunua kubwa hujuti". Wanajuta sana, na mi ndo naitwa baadaye kuangalia kwa nini chumba kina baridi lakini shuka zina unyevu na yaka (umeme wa kulipia kabla) inaisha kabla ya wakati.

Kwanza tuelewane. Hii AC ya kugeuza, inayotoa baridi na joto, ndiyo pampu ya joto yenyewe. Hita ya maji yenye kompresa juu ya tangi nayo ni pampu ya joto. Zote zinafanya kazi moja, zinachota joto upande huu zinalihamishia upande ule, hazichomi kitu, ndo maana unaweza kulipia unit 1 (kilowati-saa) ya umeme ukapata joto la unit 3 na zaidi. Koili ya kawaida ya kuchemsha maji inakupa moja kwa moja, basi.

Sasa kwenye saizi. Dukani zinaandikwa 9,000, 12,000, 18,000, 24,000, na wengine wanataja HP (nguvu za farasi), wakisema 1 HP wanamaanisha 9,000, moja na nusu ni 12,000, mbili ni 18,000. BTU 12,000 ni kama kilowati 3.5 za joto linalohamishwa, siyo za umeme unaoliwa, umeme unaoliwa ni kama kilowati 1 hivi mashine ikifanya kazi kwa nguvu yake yote. Watu wengi wanachanganya hizo mbili wakaogopa bure.

Kuna jedwali la Energy Star la Marekani la AC za dirishani ambalo mafundi wengi tunalijua, linasema chumba cha futi za mraba 150 mpaka 250 kinatosha BTU 6,000, watu wakizidi wawili unaongeza 600 kwa kila aliyezidi, jua likikipiga sana unaongeza asilimia 10, kikiwa na kivuli unatoa asilimia 10, kikiwa jikoni unaongeza 4,000. Kwa hiyo ile sebule ya futi 16 kwa 14 ni futi za mraba 224, jedwali linasema 6,000, duka linasema 24,000, mara nne! Mi sisemi uchukue jedwali hilo kama lilivyo, limetengenezewa nyumba za kwao, siyo mabati yetu ya geji 30 ambayo chini yake hakuna hata silingi. Ninachosema ni kwamba futi peke yake haikupi jibu. Paa, dirisha, upande jua linapotokea, matundu ya hewa na watu wanaolala humo, hivyo ndivyo vinaamua. Wenzetu Marekani wana utaratibu wa hesabu unaitwa Manual J, Ulaya wana kiwango cha EN 12831, na vyote vinaanza na nyumba, mashine inakuja mwisho.

Lete vipimo vya chumba chako hapa tupige hesabu pamoja. Taja uko wilaya gani maana Uganda siyo moja, Kabale na Pakwach ni dunia mbili.

---

Mkiga Mtulivu

Fundi asante kwa uzi. Mi niko Kabale, nimejenga nyumba ya matofali ya kuchoma, ukuta umepigwa plasta, paa mabati na silingi ya mbao nyembamba. Sebule ni mita 5 kwa 4, urefu mita 2.7, kuta mbili ziko nje na mbili ziko ndani, dirisha ni kama mita za mraba 3. Shida yangu siyo joto, ni baridi, usiku inashuka mpaka nyuzi 10 hivi, watoto wanakohoa, jioni tunaingiza sigiri ya mkaa sebuleni mpaka wakalale. Muuzaji wa Kampala ananiambia nichukue 18,000 ya kugeuza, ati Kabale ni baridi sana ndogo haitaweza. Nifanye nini?

---

Fundi wa Kisugu

@Mkiga Mtulivu ndugu yangu, kabla ya hesabu yoyote, hiyo sigiri itoe ndani leo, usingoje mashine. Mkaa ukiungua kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, mtu anahisi kichwa kizito na usingizi, halafu haamki. Familia zinakufa hivyo kila msimu wa baridi. Na watoto wanaokohoa nao wanavuta huo moshi. Tafadhali sana.

Sasa hesabu, nakuwekea yote uone inavyotoka na uweze kuifanya mwenyewe chumba kingine.

Ndani unataka nyuzi 20, nje ni 10, tofauti ni 10. Kila kitu kinachotenganisha ndani na nje kina namba yake ya kupitisha joto, unazidisha namba hiyo kwa eneo halafu kwa tofauti ya nyuzi. Kuta zako mbili za nje ni mita 9 kwa 2.7, yaani 24.3, toa dirisha 3 zinabaki 21.3. Tofali la kuchoma lenye plasta tuchukue namba 2, inakuja wati 426. Dirisha la kioo kimoja namba yake ni 5.7, mara 3 mara 10, wati 171. Paa la mabati na silingi nyembamba bila kitu katikati tuseme 3, mara mita 20, mara 10, wati 600. Sakafu niiweke 100. Halafu hewa, hii watu wanaisahau kabisa, chumba chako kina mita za ujazo 54, na kwa yale matundu ya hewa juu ya dirisha nadhani hewa yote inabadilika mara moja na nusu kila saa, hapo unazidisha 0.33 (namba ya joto linalobebwa na hewa) kwa 54 kwa 1.5 kwa 10, unapata wati 267.

Jumlisha zote, wati 1,564. Ukizidisha kwa 3.412 unapata BTU 5,300 na kitu. Hiyo ndiyo usiku wa baridi kabisa, saa ambayo nyumba inapoteza zaidi. Huyo muuzaji anakupa 18,000, zaidi ya mara tatu.

Sasa angalia hii. Ukiondoa silingi kabisa, mabati yabaki wazi, namba ya paa inakuwa kama 7, wati 600 zinakuwa 1,400, na jumla inafika BTU 8,000. Ukiweka fibaglasi (pamba ya kioo ya kuzuia joto) ya sentimita 10 juu ya silingi uliyo nayo, namba inashuka mpaka 0.35 hivi, paa linabaki na wati 70 tu, jumla inakuwa BTU 3,500. Chumba kilekile, ukuta uleule! Kwa hiyo mi ningekuwa wewe pesa ya tofauti kati ya 18,000 na 9,000 ningeipeleka kwenye silingi kwanza, halafu nichukue 9,000 ya inverta (ile inayoongeza na kupunguza kasi yenyewe), hakuna ndogo zaidi ya hiyo madukani kwa wingi, na inakutosha na inabaki.

Na hiyo ya "Kabale ni baridi sana" haina ukweli kwa mashine hizi. Uwezo wa kupasha ulioandikwa kwenye bati la mashine unapimwa nje ikiwa nyuzi 7 na ndani 20. Usiku wenu wa nyuzi 10 ni afadhali kuliko hapo. Kule Ulaya zinafanya kazi kwenye barafu, zinasimama mara kwa mara kuyeyusha barafu kwenye koili ya nje, wewe hutaliona hilo mara nyingi, labda kule juu milimani kabisa.

---

Poa Zaidi

Mkuu mi pia ni fundi, miaka mingi mtaani, na sikubaliani. Mteja akiingia chumbani anataka ubaridi dakika tano. Nikimwekea ndogo ananipigia simu jioni hiyohiyo ati AC haifanyi kazi. Nikimwekea kubwa ananyamaza na ananiletea wateja wengine. Na siku hizi ni inverta, inapunguza yenyewe, sasa kubwa ina shida gani? Tusiwatishe watu.

---

Fundi wa Kisugu

@Poa Zaidi nakuheshimu kaka, na hoja yako ni ya kweli kwa upande mmoja, mteja anahukumu kwa dakika tano za kwanza. Ila sisi mafundi tunatakiwa tumwambie kinachotokea baada ya hizo dakika tano.

Mashine kubwa kwenye chumba kidogo inafikisha nyuzi ulizoweka haraka, inazima, baada ya muda mfupi inawaka tena, inazima. Kompresa inachoka kwenye kuwaka na kuzima, siyo kwenye kukimbia, ni sawa na boda kwenye jam ya Jinja Road, mafuta yanaisha na hujafika. Halafu unyevu. Maji hayatoki kwenye hewa mara tu mashine inapowaka, koili inatakiwa ipoe vizuri, hewa ipite juu yake kwa muda, maji yajikusanye yatiririke mpaka kwenye bomba la kutolea. Ikizima mapema, yale matone yaliyobaki kwenye koili yanarudi chumbani. Hapa kwetu kando ya ziwa, Entebbe, Ggaba, Munyonyo, hewa tayari ina unyevu mwingi, ndo unakuta chumba kiko nyuzi 20 lakini ngozi inanata na nyuma ya kabati kuna ukungu mweusi. Mteja anashusha zaidi mpaka 17, anadhani dawa ni baridi, kumbe anaongeza tatizo.

Kuhusu inverta kupunguza yenyewe, ni kweli inapunguza, lakini haishuki mpaka sifuri. Kila mashine ina uwezo wake wa chini kabisa, umeandikwa kwenye karatasi ya maelezo, kwa kawaida kuna namba tatu, ya chini, ya kawaida na ya juu. Ukikuta 24,000 ambayo chini yake ni 6,000 hivi, na chumba cha kulala usiku kinahitaji 3,000, itawaka na kuzima vilevile kama ile ya zamani isiyo inverta. Hiyo namba ya chini ndo mi naisoma kwanza, kabla ya bei. Watu wanasoma ya juu.

Ukimwekea mteja saizi sahihi mwambie tu awashe nusu saa kabla, au aiache iende polepole mchana kutwa, inverta inapenda kukimbia taratibu muda mrefu, ndipo inapokula umeme kidogo kuliko wakati wote.

---

Mwana Pakwach

Nyinyi mnaongea Kabale na Entebbe, njooni kwetu! Januari Februari mchana inapita 35, usiku hakuna anayelala. Chumba changu mita 4 kwa 4, mabati tupu juu, hakuna silingi, dirisha linatazama magharibi. 12,000 itatosha au nijikaze nichukue 18?

---

Fundi wa Kisugu

@Mwana Pakwach pole sana, hilo joto la kando ya Nile nalijua. Kwa hali yako ya sasa 12,000 haitatosha mchana, nakwambia ukweli, na 18,000 nayo itapigana mpaka jioni. Ngoja nikuonyeshe kwa nini.

Saa nane mchana mabati yaliyopigwa na jua yanafika nyuzi 60, ukiweka mkono huwezi kuuacha. Ndani unataka 25, tofauti ni 35. Mabati tupu juu ya kichwa chako yanamwaga joto kama wati 6 kwa kila mita kwa kila nyuzi, mita 16 mara 6 mara 35 ni wati 3,360, hiyo ni BTU 11,000 na zaidi, paa peke yake, bado ukuta, dirisha, wewe mwenyewe, na televisheni. Weka silingi ya kawaida, paa linashuka mpaka BTU 4,800 hivi. Weka silingi na juu yake insulesheni (kizuia joto) hata ya sentimita 5, linashuka mpaka kama 1,100. Kutoka elfu kumi na moja mpaka elfu moja. Hakuna AC ya bei yoyote itakayokufanyia kazi hiyo, na silingi haili yaka.

Halafu hilo dirisha. Sisi tuko kwenye ikweta au karibu yake, jua linapita juu ya kichwa, madirisha ya kaskazini na kusini hayaumii sana, yanayoumia ni ya mashariki asubuhi na magharibi jioni kwa sababu jua liko chini linaingia moja kwa moja mpaka kitandani. Kama kioo chako ni mita za mraba 3, jioni kinaingiza zaidi ya wati 1,000, BTU 4,000 hivi, na saa hizo ndo ukuta nao umeshashika joto la mchana. Pazia la ndani linasaidia kidogo tu, joto limeshapita kioo limeingia. Kivuli kinatakiwa kiwe nje, baraza, mkeka wa matete ulioning'inizwa, mti, hata turubai. Ukiniuliza mi ningeanza na hapo, gharama yake ni ndogo.

Ukiweka silingi, insulesheni na kivuli cha nje, chukua 12,000 ya inverta ulale vizuri, pengine hata 9,000 ingekutosha usiku lakini kwa mchana wa kule nakushauri 12. Ukiacha mabati tupu, hata 24,000 utaishia kulaumu mashine.

---

Mwana Pakwach

Sasa hapo nimeelewa. Kumbe nilikuwa nataka kupoza mabati. Silingi inaanza mwezi huu.

---

Mwalimu Bweyogerere

Swali la haraka, fundi. Hapa Kampala usiku kunafika nyuzi 17, 18. AC ya chumba cha kulala inahitajika kweli?

---

Fundi wa Kisugu

@Mwalimu Bweyogerere mara nyingi hapana, mwalimu, na nasema hivi japo ndo kazi inayonilisha. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa ya usiku ni nzuri. Chumba kinachochemka saa nne usiku ni kwa sababu paa na ukuta vilihifadhi joto la mchana na madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbu. Wavu wa mbu dirishani, feni, insulesheni juu ya silingi, wengi wanamaliza hapo. AC naelewa kwa ofisi yenye kompyuta, chumba cha chini ya paa la ghorofa, mgonjwa, au kelele za nje zinazokulazimisha ufunge kila kitu.

---

Mama wa Kyaliwajjala

Fundi shikamoo, samahani nakuletea jambo tofauti kidogo. Sisi ni watu watano, sasa hivi tuna shawa ya papo kwa papo ya wati 5,500 na yaka inakimbia. Nimeona hita ya maji ya pampu ya joto, kuna ya lita 150, 200 na 300. Duka linasema watu watano ni 300. Nimeshasoma hapo juu nikaogopa. Wewe unasemaje?

---

Fundi wa Kisugu

Marahaba mama, wala siyo tofauti, ni mashine ileile, tofauti ni kwamba joto linaingia kwenye maji badala ya chumbani.

Maji yana hesabu nyepesi kuliko nyumba. Lita mara nyuzi unazopandisha, gawa kwa 860, unapata unit za joto. Watu watano, tuseme kila mmoja anaoga lita 40 za maji ya nyuzi 40, jumla lita 200 kwa siku. Maji ya bomba yanakuja kama nyuzi 22. Lakini kwenye tangi yanakaa nyuzi 55, unayachanganya na ya baridi bombani, kwa hiyo kwenye kila lita 200 za kuoga unachota lita 109 tu kutoka tangini. Kwa hiyo tangi la lita 150 linawatosha wote watano wakioga mfululizo, na hapo bado mashine inaendelea kupasha. 300 itakuwa inaweka moto maji ambayo hakuna anayeyaoga, na tangi linapoteza joto kidogokidogo saa 24.

Gharama sasa. Lita 200 kutoka 22 mpaka 40 ni unit 4.2 za joto. Shawa yenu inazilipa zote kwa umeme, na kwa kuwa watu hawafungi maji wakati wa kupaka sabuni inafika hata tano. Pampu ya joto ikirudisha 3 kwa 1, ni unit 1.4, ongeza joto linalopotea tangini, tuseme 1.8. Mnaokoa unit mbili na nusu hivi kwa siku, tukipiga kwa shilingi 750 kwa unit ni kama 1,900 kila siku, karibu 57,000 kwa mwezi. Ile bei nafuu ya 250 ni unit 15 za mwanzo wa mwezi tu, familia ya watano inazimaliza siku chache za mwanzo, usiiweke kwenye hesabu.

Sasa chukua bei ya mashine pamoja na mabomba na ufundi, gawa kwa hiyo 57,000, utaona ni miezi mingapi. Na nakwambia jambo lingine wazi, kama nyumba ni yenu na paa linapata jua, ulizia pia sola ya maji ya juu ya paa, mara nyingi kwa familia inashinda pampu ya joto kwa sababu jua halina tokeni. Pampu ya joto inashinda pale paa siyo lako, mnakaa fleti, au ni gesti yenye wageni wanaooga usiku na asubuhi mvua ikinyesha.

---

Mama wa Kyaliwajjala

Asante sana mwanangu. Paa ni letu lakini kuna mwembe mkubwa unalifunika lote na baba watoto hataki kuukata. Kwa hiyo nadhani ni pampu. Kuna mtu aliniambia niweke nyuzi 45 kuokoa zaidi, ni sawa?

---

Fundi wa Kisugu

Hapana mama, hapo usiokoe. Maji yanayokaa tangini kwenye nyuzi 45 au chini yake yanaweza kufuga bakteria wa lejionela, wanaingia kifuani ukivuta matone madogo ya shawa yanayoelea hewani, ni hatari zaidi kwa wazee na wenye kifua kibovu. Weka 55, na mashine nyingi zina mpangilio wa kupandisha mpaka 60 au zaidi mara moja kwa wiki kuua hao wadudu, hakikisha fundi ameuwasha. Na huo mwembe msiukate, unawapoza nyumba nzima bure.

---

Mkiga Mtulivu

Fundi narudi. Sigiri imetoka ndani tangu jana, tunavaa masweta. Jirani yangu ambaye amesoma ananiambia Kabale iko juu sana hivyo mashine inapoteza nguvu, ati ndo sababu ya kuchukua kubwa. Pia nina sola ndogo ya nyumbani, itaweza?

---

Fundi wa Kisugu

@Mkiga Mtulivu umefanya jambo kubwa sana ndugu.

Jirani yako ana hoja ya kweli. Kabale mko karibu mita 2,000, hewa yenu ni nyepesi kama moja ya tano pungufu kuliko ya Mombasa, feni inazunguka vilevile lakini inabeba hewa kidogo, kwa hiyo uwezo unashuka. Ila haushuki kwa moja ya tano yote. Tuseme tukate asilimia 10, 9,000 inakuwa 8,100. Chumba chako kinataka 5,300. Bado una nafasi ya kutosha. Ndo faida ya kuwa na hesabu mkononi, mtu akikuletea sababu mpya unaiingiza humo unaona inabadilisha kiasi gani badala ya kuruka mpaka 18.

Sola, inategemea. 9,000 ya inverta inaanza taratibu, haina ule mshtuko wa kuwaka ambao kwenye AC ya zamani unafika mara nne mpaka sita ya umeme wake wa kawaida na kuangusha inverta ya sola au jenereta. Ikishatulia inakula wati 300 mpaka 800. Lakini wewe unaitaka usiku, jua halipo, ni betri. Saa nne za jioni kwa wati 500 ni unit 2, kama betri yako haina hizo unit 2 za kutoa bila kukaushwa, iache mashine kwenye yaka. Hizo unit 2 ni 1,500 tu, mkaa wenyewe wa jioni unakula kiasi gani siku hizi?

---

Poa Zaidi

Mi nakubali hiyo ya namba ya chini, sikuwa naisoma, nitaanza. Ila ongea na mafundi pia, saizi ikiwa sahihi na ufungaji mbovu ni kazi bure.

---

Fundi wa Kisugu

Kaka hapo umenena, na wasomaji wote mliangalie hili fundi akija. Baada ya kuunganisha mabomba ya shaba lazima atumie pampu ya vakyumu kutoa hewa na unyevu humo ndani, akae nayo, siyo kufungua gesi kidogo ipige "pssss" itoe hewa halafu afunge. Hiyo njia ya pssss inaacha unyevu ndani na inapoteza gesi, na mashine inapoteza nguvu yake mapema. Bomba lisiwe fupi kuliko mita zilizoandikwa, kwa nyingi ni 3, na likizidi urefu wa kiwandani gesi inaongezwa kwa mizani, kwa gramu, siyo kwa kugusa bomba kwa mkono. Na uulize ni gesi gani. Ukiletewa R22 kwa bei ya kutupa ikatae, inaondolewa duniani kwa Itifaki ya Montreal na kuipata ya kujazia kutazidi kuwa shida. R32 ndo iko nyingi sasa, na kwa hita za maji R290 inakuja, hiyo ni propani, inawaka, fundi awe anaijua.

Voltage ya kwako ikipanda na kushuka weka kifaa cha kulinda chenye kuchelewesha kuwasha dakika tatu hivi, na mashine iwe na breka yake peke yake, usichomeke kwenye soketi moja na friji.

---

Mkiga Mtulivu

Na ile ya nje niiweke upande gani? Nina ukuta wa mashariki na wa kusini.

---

Fundi wa Kisugu

Kwa kupasha, mashariki ni sawa, inapata jua la asubuhi. Usiibane, acha sentimita 30 nyuma yake na mita moja na zaidi mbele pasiwe na kitu, iinuliwe kutoka chini ili matope ya mvua yasiruke kwenye koili, na isiwe chini ya dirisha la kulala la jirani. Ikipasha, maji yatatoka kwenye ile ya nje, siyo ya ndani, kwa hiyo wekea kijimfereji. Funga pia nusu ya yale matundu ya hewa ya sebuleni kwa mbao, usiyafunge yote. Nitumie picha ya bati la mashine kabla hujalipa, niione namba ya chini.